Namba 412 Haimo Daftarini

5 Februari

Mdogo wangu,

Karani wa vizazi na vifo aliniambia jana kwamba mume wangu yu hai. Hakusema kwa dharau. Alinigeuzia vitabu nione mwenyewe: jina la Mwalimu limo kwenye waliozaliwa, limo kwenye waliooana, kwenye waliokufa halimo. "Mama, kwa vitabu vyetu huyu bwana anaishi." Nikamjibu, basi vitabu vyenu vimwambie arudi, chai imepoa miaka tisa. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki.

Sasa salamu, ingawa zimechelewa. Hamjambo huko? Goti la wifi yangu likoje? Mwambie binti yenu kwamba shangazi yake amepokea picha ya ndege, ni nzuri, ila huyo ndege ana miguu mitatu.

Mimi mzima. Cherehani nimeiuza, macho hayaoni tundu la sindano, lakini ufukweni naona kila kitu. Natoka alfajiri ikishapambazuka, narudi jua likianza kuchoma. Wiki hii nimeokota boya moja la plastiki, makombe kumi na moja, ubao wenye misumari ya shaba na kiatu cha mtoto. Pazia langu la mlango wa nyuma limefika nyuzi thelathini za vioo vilivyolainishwa na mchanga. Vyeupe, kijani, kahawia. Cha bluu sijapata hata kimoja, na unajua nimetafuta tangu lini.

Nilichoendea kwa karani ni hiki. Nataka jiwe la kaburi la Mwalimu liwe kando ya wazazi wetu. Msimamizi wa makaburi haruhusu jina la mtu asiye na cheti cha kifo, na cheti hakitoki bila mwili. Karani akaniambia kuna njia moja: kitu alichokuwa nacho Mwalimu siku ile alipokwenda baharini asirudi, kikiwa kimetoka majini na kuandikwa wakati uleule, na aliyekiokota awepo.

Nikamwambia ninalo daftari lenye vitu elfu moja mia tatu na hamsini. Hakuamini kama watu wazima huandika kila wanachookota. Nikamweleza sheria aliyoiweka Mwalimu tulipooana: ukiokota kitu, kwanza unakichora namba hapohapo ufukweni kwa msumari, kisha ukifika nyumbani unaandika daftarini namba, tarehe, mahali na nani aliyeokota. Namba haitumiki mara mbili, hata kitu kikipotea. Karani akasema ofisi yake ingefurahi kuwa na sheria kama hiyo.

Daftari nakutumia pamoja na barua hii. Mgongo umekatika na karatasi zinachomoka. Wewe ndiye fundi wa kujalidi katika ukoo huu, lijalidi lipendeze mbele ya karani. Nimelinakili lote kwanza, maana posta si mama yangu.

Dada yako

*

19 Machi

Shikamoo Dada,

Sisi hatujambo. Goti la mke wangu lina siku zake, leo linapanda ngazi, kesho linakataa. Binti anasema ule si mguu wa tatu, ni mkia, na kwamba shangazi avae miwani. Kazini tumeletewa vitabu vya mahakama vilivyoliwa na mchwa, juzuu sitini, na mafundi tuko wawili. Ndiyo sababu nimechelewa kujibu.

Daftari lilifika salama. Nimelikagua. Lina mikunjo kumi na minne ya karatasi, uzi wote umeoza kwa chumvi, mgongo umekatika mahali pawili. Nitalifumua, nisafishe gundi ya zamani, nishone upya mkunjo mmoja baada ya mwingine, kisha nilivike jalada la kitambaa kigumu. Kazi kama hiyo haikimbizwi. Naomba usinihimize.

Kuhusu karani, Dada, ningekuwa wewe ningemwacha. Jiwe halimrudishi mtu. Umeishi miaka tisa bila cheti na hujapungukiwa. Una afya, una ufukwe wako, una ndege wako wa kuhesabu. Ukianza kufukua, hutajua pa kusimamia.

Nimekutumia uzi wa nta mita ishirini kwa ajili ya pazia. Hauozi kwa chumvi.

Mdogo wako

*

30 Machi

Marahaba, Bwana Gundi,

Uzi nimeupata, ni imara, nimeuvuta kwa meno. Ahsante. Mwambie mpwa wangu kwamba mkia hauna kucha. Wifi apewe pole na maji ya moto.

Hapa ndege wa membe wamerudi kwenye fungu la mchanga, wale weupe wenye kofia nyeusi ambao Mwalimu akiwahesabu utadhani anaita mahudhurio darasani. Siwezi kuvuka mkondo kwenda kwao, nawahesabia huku ufukweni kwa darubini. Jumapili walikuwa mia moja na arobaini. Mmoja alikuwa amebeba samaki akawa anamzungusha mkewe bila kumpa, mke akageuza kichwa. Niliwaangalia saa nzima, chai ikapoa.

Jirani yangu Mama Redio ana habari mpya. Mtu wa mtu wake amemwona Mwalimu katika mji mwingine akinunua viatu, kando yake mwanamke mnene. Kila mwaka anaonwa, na kila mwaka yule mwanamke ananenepa. Nikamwambia, "Jirani, kwa mwendo huu huyo mwanamke ataziba barabara." Watu wakacheka. Mimi pia. Kisha nikaingia ndani.

Kwa hiyo usiniambie sijapungukiwa.

Sasa jambo lenyewe. Nimekaa na nakala yangu nikitafuta chochote cha Mwalimu kuanzia tarehe 14 Oktoba ya mwaka ule. Sikuandika mimi wakati huo. Nilikuwa ndani na wageni wa pole, wewe ndiye uliyekuwa ukiteremka ufukweni na ndiye uliyeandika. Namba 411, tarehe 22 Oktoba, kipande cha kasia. Namba 413, tarehe 23 Oktoba, chupa ya kijani. Namba 412 haipo. Katikati kuna mstari mtupu. Kabla ya kulipeleka posta nilidhani ni karatasi iliyorowa, lakini nakumbuka karatasi ilikuwa kavu.

Tazama kwenye daftari lenyewe uniambie.

Dada yako

*

2 Juni

Shikamoo Dada,

Tunaendelea vizuri. Binti amefaulu mtihani, amekuwa wa tatu darasani, sasa hashikiki. Mke wangu amepewa dawa ya kuchua, nyumba nzima inanuka kama duka la dawa. Samahani kwa ukimya. Juzuu za mahakama zimebaki kumi na tisa.

Daftari nimelifumua na kulisafisha. Mikunjo sita imeshashonwa.

Kuhusu namba uliyouliza, nadhani hesabu iliniruka. Unakumbuka siku zile zilivyokuwa, watu hawakulala. Ni kosa dogo la kuandika.

Ukurasa ule una ukungu pembeni na nahofia utaambukiza kurasa nyingine. Ukiruhusu nitautoa. Nakala unayo, hutapoteza kitu.

Huku mvua imekuwa nyingi. Vipi ndege?

Mdogo wako

*

12 Juni

Mdogo wangu,

Hongera kwa mpwa wangu. Pole kwa harufu.

Usitoe ukurasa.

Mtu huyu ambaye hesabu imemruka ni yuleyule aliyewahi kurudisha kitabu kizima kwa mteja kwa sababu kilikuwa na tundu moja la sindano lililozidi. Nakujua tangu ukitambaa. Ulikuwa ukihesabu ngazi za nyumba kila unapopanda, na kila siku zilikuwa kumi na saba.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, ili ujue ninauliza nini.

Asubuhi ya tarehe 14 tuligombana. Nilimwambia anawahesabu ndege wake kila siku, na pazia langu limekaa mwaka mzima bila kipande cha bluu alichoniahidi. Nilikuwa nimechoka, nguo za wateja zilikuwa zimejaa hadi kitandani. Nikasema, "Nenda kaishi na ndege wako, huku hatukuhitaji." Alichukua kopo lake la kalamu na kadi za kuhesabia, akaacha chai mezani, akatoka. Ilikuwa saa nne kamili kwa saa ya ukutani.

Baadaye, wageni walipoondoka, nilifungua jedwali la maji kupwa na kujaa. Siku ile maji yalimaliza kupwa saa nne na dakika ishirini. Kutembea hadi kwenye fungu la mchanga ni dakika arobaini na tano. Maana yake alifika maji yakiwa tayari yameanza kurudi, na lilikuwa bamvua, maji yanajaa kwa nguvu. Mwalimu alivuka mkondo ule miaka ishirini na miwili na hakukosea maji hata siku moja. Mtu anayejua maji hivyo hatoki nyumbani saa ile, ila awe hataki kurudi.

Hivyo ndivyo nilivyoishi. Mama Redio anasema ameoa kwingine. Mimi ninalojua ni kwamba nilimwambia aende, akaenda. Natembea ufukweni kila siku, naokota, natunga pazia, watu wanasema mama yule ana utulivu. Natafuta kitu kimoja tu kitakachoniambia siyo hivyo.

Namba 412 ni nini?

Dada yako

*

6 Julai

Shikamoo Dada,

Nyumbani hawajambo. Wanakusalimu. Hawajui ninachoandika.

Namba 412 ni kopo la Mwalimu.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana nisipofuata mpangilio nitaacha.

Tarehe 13 Oktoba jioni Mwalimu alikuja kwenye chumba nilichokuwa nikikaa pale kwenu. Alikuwa na jedwali la maji mkononi. Miwani yake ya kusomea ilikuwa kwa fundi tangu Jumatatu, mbali alikuwa anaona, maandishi madogo hayaoni. Akasema, "Shemeji, nisomee saa ya kupwa kesho, niandikie kwa herufi kubwa." Nilikuwa nashona kitabu, sindano ikiwa mdomoni. Niliangalia jedwali na nikaandika kwenye kipande cha karatasi: MAJI KUPWA SAA TANO KAMILI. Huo ulikuwa mstari wa tarehe 15. Niliuruka mstari mmoja. Tofauti ni dakika arobaini.

Tarehe 23 nilikuwa peke yangu kwenye miamba ya upande wa juu. Kopo lilikuwa limebanwa katikati ya mawe mawili, kifuniko kimezungushiwa plasta kama alivyokuwa akifanya. Nilifuata sheria yake. Nikachukua msumari nikachora 412 chini ya kopo. Ndipo nikalifungua.

Ndani mlikuwa na penseli mbili, kadi ya kuhesabia, karatasi yangu na kitu kilichofungwa kwa karatasi. Vyote vikavu. Kadi ina mistari mitatu. Wa mwisho unasema: saa tano na nusu, membe 212, narudi. Unajua alikuwa na kawaida ya kuondoka nusu saa baada ya kupwa. Alifuata karatasi yangu bila kuzidisha hata dakika moja. Aliamini maji yamepwa nusu saa iliyopita. Yalikuwa yanajaa kwa saa moja na dakika kumi, na mkondo ndio unaojaa kwanza.

Kwa hiyo hakutoka kwa kuchelewa, Dada. Alitoka mapema, kwa saa niliyompa mimi.

Nilikaa pale hadi maji yakafika miguuni. Nilidhamiria kukuletea. Nilipofika mlangoni ulikuwa umeketi na wageni, ukanitazama mikono kuona kama nimeokota kitu. Nilikuwa na chupa ya kijani. Kopo lilikuwa ndani ya shati. Ukasema, "Hakuna?" nikasema hakuna. Nikaandika chupa kuwa 413. Namba 412 ilikuwa imeshachorwa na sikuweza kuipa chupa namba ya kitu kingine. Hata siku ile sikuweza. Nikaacha mstari mtupu. Mwezi uliofuata nikapata kazi huku, na wewe ukadhani ni kazi iliyonichukua.

Miaka yote hii nilijiambia kwamba ukijua utakuwa umepoteza watu wawili. Sikujua kuhusu yale maneno ya asubuhi. Ningejua, sijui kama ningesema. Napenda kuandika kwamba ningesema, lakini sina uhakika.

Kitu kilichofungwa kwenye karatasi sikuwahi kukutajia hata uliponiandikia Februari kwamba hujapata. Ni kipande cha kioo cha bluu, urefu wake kama kidole gumba. Nje ya karatasi ameandika kwa penseli, herufi kubwa za mtu asiye na miwani: YA PAZIA.

Nakutumia kopo na vyote vilivyomo kwa posta ya kusainiwa. Daftari limekamilika. Ukurasa sikuutoa. Ninalalaje, ninaamkaje, hilo si la kukuandikia.

Mdogo wako

*

14 Agosti

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeiona. Nitaijibu ana kwa ana.

Kopo lilifika tarehe 15 Julai. Nilisaini mimi mwenyewe. Nimekaa nalo mezani mwezi mzima, ndiyo sababu ya ukimya, sina juzuu za mahakama za kusingizia. Wifi na mpwa wangu wasalimie. Wao hawana kosa.

Nimesoma barua yako mara moja. Haikuhitaji mara ya pili, umeandika vizuri kama kawaida yako. Dakika arobaini namsamehe mtu yeyote. Nimewahi kumkatia bwana harusi suruali mguu mmoja mfupi, najua mstari unavyoruka. Lakini miaka tisa hukuiruka. Hiyo uliihesabu mmoja mmoja, na kila Oktoba uliniandikia kuniuliza hali.

Siku ya kwanza nilikasirika kiasi kwamba sikwenda ufukweni. Siku ya pili nilikwenda. Nilisimama pale Mwalimu alipokuwa akianzia kuvuka nikasema kwa sauti, "Kumbe ulikuwa unarudi." Mzee anayefuga mbwa alikuwa nyuma yangu, akadhani namwambia yeye. Akasema, "Nilikuwa nimesahau kofia, mama."

Kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule nilitembea bila kuinamisha kichwa. Sikuokota kitu. Niliangalia ndege tu. Walikuwa tisini na sita.

Mama Redio nimemwita ndani nikamwonyesha kadi. Nimemsomea mstari wa mwisho. Redio imezima. Sikumwambia ni nani aliyeandika saa ya maji. Hilo litasikika siku utakayolisema wewe.

Kopo, kadi na karatasi nimempelekea karani. Amegeuza kopo, ameona namba iliyochorwa, ameifananisha na nakala yangu yenye mstari mtupu. Amesema inaweza kutosha, kwa masharti mawili: aliyeokota aje mwenyewe kuapa, na daftari halisi liwepo. Nikamwuliza kama mtu anaweza kujaza mstari baada ya miaka tisa. Akasema anaweza, akiandika tarehe mbili, ya kuokota na ya kuandika, na akiandika mbele yake.

Kioo sikumwonyesha. Hakimhusu. Kiko kwenye sahani karibu na dirisha, sijakitoboa. Macho yangu hayaoni pa kutoboa na kikipasuka hakuna kingine. Uje na ile keekee yako nyembamba ya kutobolea. Utakitoboa wewe, mimi nitasimama karibu nikuangalie.

Chumba chako bado kina kitanda. Sitakuahidi maneno mazuri ukifika. Nitakuahidi chai.

Karani ametupa Jumanne, tarehe 9 Septemba, saa tatu kamili asubuhi, dirisha la pili. Siku hiyo maji yatamaliza kupwa saa nne na dakika arobaini na tano, nimeusoma mstari kwa kidole na kumwita jirani ausome pia. Tukitoka kwa karani tutakuwa na muda wa kuteremka ufukweni.

Njoo na daftari. Njoo na kalamu ileile nyeusi. Mstari wa 412 bado uko wazi, na mwandiko wa mwezi ule ni wako.

Dada yako